Umpendaye Mnyime Jani la Kwanza

Umpendaye mnyime jani la kwanza.

Ndivyo alivyosema Bibi Atuganile asubuhi ile, huku akimnyang'anya mwanawe Lugano kijiko mkononi. Lugano alikuwa amepata mtoto wake wa kwanza, kichanga ambacho kitovu hakijakauka, naye alikuwa amekuja mbio na chupa ya asali ya msituni ili amwonjeshe. "Tone moja tu, mama," alibembeleza. "Ajue kwamba dunia hii ina utamu." Bibi aliifunika chupa, akaipandisha juu ya kabati, akasema maneno yale, kisha akatoka kwenda kuchochea moto kana kwamba hakuna lililotokea.

Alasiri wajukuu walikuwa jikoni wakipukuchua mahindi. Nje manyunyu yalikuwa yakinyesha bila kukata. Lugano naye alikuwa pale, ameketi kwenye kigoda, mdomo bado umevimba kwa hasira. Bupe, mjukuu mkubwa, ndiye aliyethubutu kuuliza.

"Bibi, yule ni mtoto, si mbuzi. Hilo jani limetoka wapi? Tena kumpenda mtu halafu ukamnyima, huo si uchoyo?"

"Mwulizeni vizuri," alidakia Lugano. "Labda asali yangu ina miba."

Bibi alitupa gunzi kwenye kikapu. "Methali nyingine zina umri wa milima," alisema. "Hakuna anayejua ni nani aliyezitamka kwanza. Hii ni changa. Aliyeisema nilimjua, na aliyeambiwa nilimjua. Pukuchueni, msinitazame mdomo. Nitawaeleza ilivyozaliwa."

*

Kule Ndulilo, upande wa mlima unaotazamana na mashamba ya chai, alikuwapo mwanamke aliyeitwa Tupokigwe. Alikuwa mjane, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwenye mikutano alikaa nyuma kabisa. Akiwa na jambo la kusema alimnong'oneza aliyeketi naye, na huyo ndiye aliyesimama akalisema, Tupokigwe akiwa ameinama anachora chini kwa kidole.

Mumewe, marehemu Anganile, alikuwa seremala. Kazi yake ya mwisho, kabla kifua hakijamlaza, ilikuwa banda la ng'ombe. Alilijenga kwa mbao nzuri, akaliwekea sakafu yenye mteremko ili mkojo usituame, akatengeneza hori la kulia chakula na kulilainisha kwa randa kama meza ya wageni. Pembeni mwa mlango alipigilia msumari mkubwa, akasema, "Hapa utatundika ndoo yako ya maziwa." Muda si mrefu baadaye alifariki. Ndoo ilinunuliwa na kutundikwa. Ng'ombe hakuwapo.

Si kwamba mume yule alikuwa mtu wa ndoto. Kikundi cha akina mama wa Ndulilo kilikuwa na utaratibu wa kupeana ng'ombe. Ukipewa mtamba, utakunywa maziwa yake, lakini ndama wake jike wa kwanza si wako. Ukishamlea akaacha kunyonya, unamkabidhi mwenzako aliye nyuma yako. Mwenzako naye atafanya hivyo hivyo kwa aliye nyuma yake. Sharti ni kwamba anayesubiri awe na banda lililosimama na malisho yaliyoota. Tupokigwe alikuwa nyuma ya Subilaga, na Subilaga alikuwa rafiki yake tangu walipokuwa wasichana wakichuma chai mstari mmoja.

Ng'ombe wa Subilaga aliitwa Ndaga, ambalo kwa lugha ya kule ni asante. Alikuwa mweusi mwenye baka jeupe kifuani, mpole kiasi kwamba kuku walipanda mgongoni mwake mvua ikinyesha. Uzao wake wa kwanza ulikuwa dume. Tupokigwe alisema hakuna neno, atasubiri. Uzao wa pili uliharibika. Tupokigwe alisema tena hakuna neno. Kila asubuhi aliamka akafagia banda lake, banda lisilo na samadi wala unyoya wa mnyama.

Ndulilo ni kijiji, na kijiji kina midomo. Mzee Mwaisumo, ambaye utani kwake ulikuwa kama ugoro, hakupita pale bila kusimama.

"Habari za mifugo, mama?"

"Nzuri, mzee."

"Huo upepo unaoufuga leo umetoa lita ngapi?"

Tupokigwe alicheka pamoja na waliokuwa wakicheka, maana asiyecheka huonekana ameumia. Kisha aliingia bandani akakaa karibu na hori mpaka vicheko vikaisha njiani.

Sasa sikilizeni desturi moja ya watu wale, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa. Ng'ombe akizaa kule Ndulilo, hushughulikiwa kama mama mzazi. Mwanamke akijifungua jirani zake humpelekea uji na ndizi. Ng'ombe akizaa hupelekewa majani. Kila nyumba hukata fungu moja, hulifunga kwa kamba ya mgomba, na aliyelileta ndiye hulifungua mbele ya ng'ombe na kumlisha kwa mkono wake mwenyewe. Huliita fungu la mzazi. Nalo lina miiko miwili. Mwiko wa kwanza, usilete majani yoyote ila yale mazuri kuliko yote uliyo nayo. Mwiko wa pili, mwenye ng'ombe haulizi kitu. Haulizi yamekatwa wapi, haulizi mbona machache. Kuuliza ni sawa na kumpima mgeni uji aliouleta kwa kijiko.

Malisho ya Tupokigwe yalikuwa kwenye kipande chembamba juu ya mtaro wa kukinga maji mlimani, udongo umechoka, mawe mengi. Mabingobingo yake yalitoka membamba na ya njano kama majani ya kitunguu kilichosahaulika. Ndaga alipozaa lile dume, Tupokigwe alikwenda na fungu lake akalifungua mbele ya watu. Ndaga alilinusa, akageuza kichwa, akachukua la nyumba nyingine. Tupokigwe alikumbuka kile kichwa kilivyogeuka, akakikumbuka miaka yote.

Ndipo ilipokuja mbolea ya maji.

Ilikuja katika madumu ya njano, nzito, yenye harufu ya chumvichumvi iliyowasha pua. Unaipima kwa kifuniko, unaimimina kwenye bomba la mgongoni lenye maji, unapulizia juu ya majani, na majani yanaipokea kama kiu inavyopokea maji. Watu wa mwanzo kuitumia walikuwa na hadithi zao. Mmoja alipulizia mchana wa jua kali, mahindi yake yakaungua ncha kama yaliyopitiwa na moto. Mwingine alinyunyizia kabichi asubuhi na mapema, zikajifunga kubwa hata akashindwa kubeba tatu kwa wakati mmoja. Mzee Mwaisumo aliapa kwamba tone moja lilidondoka kwenye kiatu chake na kiatu kikaota mizizi.

Kikundi kiliamua kununua madumu na kugawana. Bwana shamba, kijana aliyeitwa Gwamaka, aliitwa kwenye ghala la kijiji aje kuwafundisha matumizi yake. Watu walifurika. Kwa kuwa mafunzo ya malisho na ya mazao hayakuwa sawa, Gwamaka aliwaomba wajigawe.

"Wenye ng'ombe kaeni mkono huu, karibu na dirisha. Wenye mazao tu kaeni mkono ule. Nitaanza na wa mazao, kisha wao waende nyumbani, nibaki na wa ng'ombe."

Subilaga alisimama akaenda dirishani. Aliona nafasi kando yake, akaishikilia kwa mkoba wake, kisha akageuka kumtafuta Tupokigwe kwa macho. Alimwona akianza kuja, kisha mmoja wa wenye ng'ombe akamwita, akageukia huko.

Tupokigwe alikuwa amesimama katikati ya ghala. Alikuwa na malisho, alikuwa na banda, alikuwa na ndoo kwenye msumari. Alichokosa kilikuwa ng'ombe. Alipiga hatua moja kuelekea dirishani. Hapo hapo sauti ya Mzee Mwaisumo ikatokea nyuma, tamu kama kawaida yake:

"Mpisheni jamani, mwenye upepo naye apite!"

Ghala zima likacheka. Hata Gwamaka alitabasamu, ingawa hakujua kinachochekwa. Tupokigwe alicheka pia. Kisha akaurudisha ule mguu aliokwisha kuutanguliza, akaenda kuketi na watu wa mahindi.

Pale alifundishwa yote yanayohusu mahindi. Pulizia jua likiwa chini. Usizidishe kipimo. Baada ya siku chache jani likibadilika likawa kijani cha kukolea, ujue limeshiba. Alisikiliza kwa makini, akashukuru, akaondoka na wenzake. Waliobaki dirishani wakaambiwa lile ambalo wenye ng'ombe pekee ndio walipaswa kulijua, kwamba jani la malisho likipuliziwa halikatwi upesi. Subiri wiki tatu. Subiri jua liliwakie, likomae, ile rangi ya kukolea ipungue. "Jani lililoshiba jana," Gwamaka aliwaambia, "bado lina mbolea tumboni. Ng'ombe akilila, anakula mbolea." Subilaga alilishika neno hilo. Na kwa kuwa alikuwa amemwona Tupokigwe akipiga ile hatua, na hakumwona alipogeuka, aliamini mwenzake yuko mahali fulani nyuma yake, pale anapopenda kukaa siku zote.

Mvua za kwanza zilipogusa vumbi, Tupokigwe alibeba bomba akapanda kwenye mtaro. Ndaga alikuwa na mimba tena na ilibaki karibu mwezi azae. Safari hii atapeleka fungu ambalo halitageuziwa kichwa. Alipima kifuniko kimoja kama alivyofundishwa, akamimina. Kisha akasimama akifikiri.

Mnajua mambo ya watu wetu. Hata sokoni, muuzaji akishakujazia debe la viazi, asipokuwekea nyongeza juu utamwona mkavu wa mkono. Kipimo kisicho na nyongeza ni kipimo cha mtu unayemchukia. Tupokigwe hakuwa mkavu wa mkono. Yale hayakuwa mahindi yake mwenyewe, yalikuwa majani ya Ndaga. Akapima kifuniko kingine, akamimina. "Na hiki cha nyongeza," alisema peke yake, akatabasamu.

Majani yalipokea. Siku zikawa za mawingu na manyunyu kama haya ya leo, jua halionekani, na mabingobingo yakainuka kwenye mtaro kwa kijani ambacho Tupokigwe hakuwahi kukiona kwenye ardhi yake, kijani kilichokaribia weusi. Wapita njia walisimama. Mzee Mwaisumo mwenyewe alisimama, akavua kofia, akaenda zake bila kuuliza lita. Siku hiyo Tupokigwe aliimba akifagia banda.

Ndaga hakungoja mwezi uishe. Juma moja tu baada ya majani kupuliziwa, asubuhi na mapema, mtoto wa jirani alikuja akikimbia kwenye matope.

"Mama! Ndaga amezaa! Jike! Ni jike!"

Tupokigwe alikuwa ameshika fagio. Alilisimamisha ukutani taratibu, likaanguka, akalisimamisha tena. Jike. Aliingia bandani akaishusha ndoo kutoka msumarini, akaifuta vumbi kwa upande wa kanga yake, akaitundika tena. Kisha akachukua mundu akapanda mtaroni.

Alikata yale marefu kuliko yote. Alikata mpaka mkono wake haukuweza kuyazunguka, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akajitwisha. Njia nzima majani yalimcheza mabegani, yakimlowesha kwa umande, naye alitembea ameinua shingo. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kuonyesha.

Uani kwa Subilaga watu wachache walikuwa wamefika. Ndaga alikuwa amesimama, amechoka, hajala tangu jioni, anamlamba ndama wake mweusi mwenye miguu inayotetemeka. Mafungu mengine yalikuwa bado hayajaja, maana mvua ilikuwa imewachelewesha wengi.

"Dada!" Subilaga alimpokea. "Mwenye ndama amefika! Sogeeni, mwenye ndama amefika!"

"Nimeleta kidogo," alisema Tupokigwe.

Alilishusha fungu, na watu wakaguna kwa mshangao. Subilaga aliyatazama yale majani. Aliiona rangi yake. Swali likamjia mpaka ulimini: umeyapulizia lini? Alifungua mdomo. Akauona uso wa rafiki yake, uso ambao tangu msiba haukuwahi kung'aa namna ile, na watu wakiwa wamewazunguka wakiutazama. Akaukumbuka mwiko. Akajiambia, mbona naye alikuwa ghalani, alisikia kama mimi. Akafunga mdomo.

"Mlishe mzazi," alisema.

Tupokigwe alifungua kamba. Ndaga alinusa. Safari hii hakugeuza kichwa. Alikula kwa pupa ya mwenye njaa, jani kwa jani kutoka mkononi mwa Tupokigwe, ulimi wake mkavu ukimkwaruza vidole. Alikula fungu zima. Tupokigwe alikuwa akilia na kucheka, akimwambia maneno ambayo hakuna aliyeyasikia isipokuwa ng'ombe.

Chai ilikuwa haijachemka Ndaga alipoanza kutetemeka.

Mwanzoni walidhani ni baridi, wakamfunika gunia. Kisha pumzi yake ikawa ya mbio, kama ya mnyama aliyekimbizwa, na povu likamtoka mdomoni. Alijaribu kumfuata ndama wake, miguu ikapishana. Alianguka ubavu. Mtu alimpigia simu bwana mifugo, naye akasema yuko njiani, lakini barabara ya Ndulilo wakati wa mvua mnaijua. Subilaga alipiga magoti matopeni, akaufunua mdomo wa Ndaga. Ufizi ulikuwa wa kijivu, kama udongo wa mfinyanzi.

Aliinua macho.

"Dada," alisema polepole, "haya majani uliyapulizia lini?"

"Juma lililopita," alijibu Tupokigwe. "Yamekolea vizuri. Walisema yakikolea yameshiba."

"Nani alisema?"

"Bwana shamba. Ghalani."

"Ulikaa wapi?"

Tupokigwe aliitazama mikono yake, iliyokuwa bado ya kijani.

"Nilikaa na watu wa mahindi," alisema.

Subilaga aliweka kichwa cha Ndaga mapajani mwake. Ng'ombe alihema, akahema, akanyoosha miguu, na ndama akaja akichechemea akatafuta ziwa. Ziwa lilikuwa bado la moto. Alinyonya kwa mama aliyekwisha kufa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwondoa.

Bwana mifugo alipofika aliupasua mshipa, akawaonyesha. Damu ilikuwa imegeuka rangi, imekuwa kama maji ya kahawa. "Ni mbolea," alisema. "Ilikuwa bado ndani ya jani. Haikuwa imegeuka chakula." Aliuliza ni nani aliyempa majani yale. Watu wote wa uani walitazama chini. Na Mzee Mwaisumo, aliyekuwa amefika na fungu lake dogo kwapani, alilitupa nyuma ya ua, akaondoka. Tangu siku ile hakumtania mtu kuhusu banda.

Tupokigwe alikaa ndani siku nyingi. Hakufagia. Ndama alilelewa kwa maziwa ya kuombaomba, nyumba hii kikombe, nyumba ile kikombe, Subilaga akimnywesha kwa kumtumbukizia vidole mdomoni. Akaishi. Alipoacha kunyonya, Subilaga alisuka kamba mpya, akamfunga, akampeleka kwa mwenye haki yake.

Tupokigwe alimpokea mlangoni. Alimpapasa ndama kwenye lile baka jeupe alilorithi kwa mama yake, kisha akairudisha kamba mkononi mwa rafiki yake.

"Mrudishe kwako, Subilaga. Ndiye Ndaga wako. Mimi mkono huu ulimlisha mama yake."

"Utaratibu haurudi nyuma, dada. Ndama ni wako."

"Basi awe wangu, na mimi nakupa. Watoto wako wanakunywa chai ya rangi tangu mwaka jana kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako peke yako." Subilaga aliketi kizingitini, akaifunga kamba mkononi mara nyingi hata vidole vikabadilika rangi. "Mimi niliiona ile rangi. Uliposhusha fungu, niliiona. Swali lilikuwa hapa, ulimini. Nikaona aibu kukuuliza mbele za watu. Nilisema moyoni, leo amefurahi, nisimwondolee furaha."

Tupokigwe aliketi kando yake.

"Uliniona nafurahi," alisema.

"Nilikuona. Wewe ulimpenda Ndaga, ukampa kijani cha kwanza. Mimi nilikupenda wewe, nikakupa ukimya. Hakuna kati yetu aliyejua kunyima." Alifuta macho kwa kiganja. "Kumbe umpendaye mnyime jani la kwanza, dada. Mnyime, mpaka likomae."

Ndivyo ilivyosemwa. Wanawake wawili kizingitini, na ndama kati yao anatafuna ncha ya kanga.

Tupokigwe hakukubali kumchukua. Alisema atasubiri ndama wa ndama, ili naye apate kujifunza kusubiri. Ndama akakua, akawa mtamba, akapandishwa, akazaa. Alizaa dume. Watu walikuja na mafungu, na Tupokigwe alikuja wa mwisho. Majani yake yalikuwa makavukavu, mapana, yamekomaa hata kingo zake zinakata, yamepoteza kijani chote cha kuringia. Hakulifungua fungu. Alisimama mbele ya Subilaga akasema kwa sauti, yeye ambaye hakuwahi kusema kwa sauti mbele ya watu:

"Niulize."

Watu wa uani wakatazamana, maana mwiko ulikuwa mwiko. Subilaga akauliza, "Jani hili lina umri gani?"

"Limepata jua, limepata mvua, limekwisha sahau mbolea," alijibu Tupokigwe.

"Basi mlishe mzazi."

Alimlisha. Lakini hakuweza kumtazama akila. Mkono ulikuwa mbele, uso umegeukia ukuta, na alikaa hivyo hivyo baada ya fungu kuisha, akisikiliza pumzi za yule ng'ombe, mpaka Subilaga alipokuja akamshika bega akamwambia, "Anacheua, dada. Sikiliza, anacheua." Mpaka leo kule Ndulilo hakuna fungu la mzazi linalofunguliwa bila swali lile, na hakuna anayeona haya kuuliza wala kuulizwa.

*

Moto ulikuwa umeshuka, na hakuna aliyekuwa akipukuchua. Lugano alikuwa ameinama.

"Bibi," Bupe alisema taratibu, "naye alipata ndama wake?"

"Hapana."

"Hata baadaye?"

"Uzao uliofuata ulikuwa jike," alisema Bibi. "Lakini Tupokigwe alikuwa ameshazikwa kiangazi kilichotangulia, kando ya mumewe. Ndama wake akawa zamu ya aliye nyuma. Subilaga alipomfunga kamba kumpeleka huko, hakupita njia ya karibu. Alizunguka mlima mpaka kwenye lile banda. Lilikuwa limejaa majani makavu yaliyoletwa na upepo. Akalifagia. Akamwingiza ndama ndani, akamwacha asimame mbele ya lile hori lililolainishwa kwa randa. Kule mtaroni mabingobingo yalikuwa yamezeeka, hakuna wa kuyakata. Alikata kiasi, akayatia horini, ndama akala. Sakafu ikapata samadi kidogo. Subilaga akaiacha pale, hakuifagia. Kisha akamfungua, wakaenda zao."

Manyunyu yalikuwa yameanza kupungua. Kutoka chumba cha ndani kilisikika kilio cha kichanga, chembamba, cha njaa. Lugano aliinuka. Alipopita karibu na kabati aliinua mkono, akaishika ile chupa ya asali. Wote walimtazama. Aliisukuma ndani zaidi, mpaka nyuma kabisa, ikagusa ukuta.

"Mama yake atamnyonyesha," alisema. Na kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe akaongeza, "Umpendaye mnyime jani la kwanza."